Mkono utetemeke kwanza kwenye kichwa cha bandia

Leo naanza na jino langu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka 19 tulipokimbia vita hadi Goma. Shavu lilivimba, nikapanga mstari kwenye kituo kimoja cha afya. Kijana aliyenipokea alikuwa anatetemeka mikono. Alinichoma sindano mara tatu, kisha akang'oa jino zima, lenye kuuma likabaki. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Unisamehe dada, wewe ndiwe wa kwanza."

Sikumchukia. Nilijiuliza tu: kwa nini wa kwanza awe mimi?

Miaka mingi baadaye, kazi ya redio ilinifikisha Kinshasa, katika darasa la wanafunzi wa meno. Hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Kila mwanafunzi alikuwa na kichwa cha bandia, chenye taya inayofunguka, mashavu ya mpira na meno ya plastiki yaliyofungwa kwa skrubu. Anatoboa, anaharibu, mwalimu anamwonyesha kosa, jino linabadilishwa, anaanza tena. Meno ya juu ndiyo yanayowatesa, kwa sababu wanayatazama kwenye kioo kidogo, na kioo hugeuza kila kitu. Ujuzi huu si wa jana: Oswald Fergus alianzisha kichwa cha namna hiyo mwaka 1894.

Lakini plastiki haitoki damu wala hailii. Kwa hiyo wanafunzi walipokezana kiti: mmoja munganga, mwingine mama mwenye woga. Munganga alipaswa kumsalimia, kumweleza atakachofanya, na kumwambia: "Ukisikia maumivu, inua mkono, nitasimama." Baada ya hapo ndipo anapewa mgonjwa wa kweli, mwalimu akiwa kando yake.

Wazazi wetu mlio kambini, najua anayetibiwa bure huona haya kuuliza. Ulizeni: "Wewe ni mwanafunzi? Nani anakusimamia? Unang'oa jino gani?" Mwonyesheni kwa kidole kabla ya sindano. Aliyefundishwa vizuri hatakasirika.

Wanafunzi lazima wajifunze, la sivyo kesho tutakosa waganga. Ila makosa ya kwanza yabaki darasani. Mimi pengo langu ninalo hadi leo. Kila nikisoma habari, ulimi unalipitia.