Vigari Vitano

Mwaka 2023 tulikuwa tukiishi Liège, nchini Ubelgiji, sisi mume na mke, pamoja na mtoto wetu na mdogo wetu aliyekuwa akisoma huko. Tulipohamia nyumba ndogo zaidi, tukaanza kuuza kwa njia ya intaneti vitu vilivyotuzidia: kitanda cha mtoto, mashine ya kufulia, makoti ya baridi, vyombo vya jikoni. Kufikia Novemba tulikuwa tumeuza mara 29, na jumla haikufika euro 1,200. Ndipo kampuni yenye soko lile ilipotuandikia kudai namba yetu ya kodi. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka ule, muuzaji akifikisha mauzo 30, au akipita euro 2,000 kwa mwaka, habari zake hupelekwa kwa wakuu wa kodi.

Tuliogopa. Tumekulia Lubumbashi, ambako mtoza ushuru humfikia mama mwenye mafungu ya lengalenga kabla hajauza hata fungu moja. Kwetu neno kodi lilikuwa na sura hiyo. Rafiki mmoja akatushauri tufungue akaunti ya pili kwa jina la mdogo wetu.

Tulimwambia wakati wa chakula cha jioni. Akajibu, «Ndiyo, yaya. Mkitaka hivyo, ni sawa.» Hakuuliza jambo lolote, akaendelea kula. Usiku ule hatukulala vema. Heshima tuliyomfundisha sisi wenyewe ndiyo tuliyotaka kujifichia ndani yake, na kama maswali yangekuja siku moja, yangemjia yeye.

Kesho yake tuliketi kusoma sheria, jambo ambalo tungepaswa kulifanya kwanza. Tukaona kwamba kupelekewa habari si kutozwa kodi. Mashine ya kufulia tuliinunua euro 400, tukaiuza 120. Hapo faida iko wapi? Mtu anayeuza vitu alivyovitumia nyumbani mwake, kwa kawaida hadaiwi kitu. Tulikuwa karibu kuchekana kwa hofu yetu.

Lakini kulikuwa na vigari vya watoto. Kimoja kilikuwa chetu. Vingine vitano tulivinunua kwa bei ndogo katika soko la vitu vya zamani, tukaviosha, tukabadilisha magurudumu, tukaviuza kwa bei ya juu, na katika matangazo yote tuliandika: «Kigari cha mtoto wetu.» Mtoto mmoja, vigari sita! Hivyo havikuwa vitu vya nyumbani; ilikuwa biashara, hata kama ndogo. Tuliondoa gharama, ikabaki faida ya euro 225. Faida ya namna hiyo, isiyo ya kazi ya kila siku, hutozwa asilimia 33 nchini Ubelgiji, yaani kama euro 75, pamoja na nyongeza ya manispaa.

Tuliitangaza mwaka uliofuata. Tusiwadanganye, vijana wapendwa: fedha hiyo ilituuma, maana ilikuwa ya chakula cha juma zima.

Mdogo wetu ndiye aliyetusaidia kujaza fomu, kwa kuwa Kifaransa chake cha ofisi kinashinda chetu. Alipofika penye mstari wa faida akanyanyua macho, akauliza, «Yaya, na kile cha sita kilikuwa chetu kweli?»

Tulimwonyesha picha yake.