Kimya Kilipobadili Maana

Kazi yangu ya kwanza Lubudi ilikuwa kuangalia mkono wa yaya, ndugu yangu mkubwa. Yeye alishika pistole ya maji upande wa pili wa kamio, yaani lori tulilokuwa tukiliosha. Mimi nilikaa nyuma ya pikapu, kando ya motopompi na tangi la lita 1,000. Akiinua ngumi, nizime. Akizungusha kidole hewani, niwashe. Kuitana kwa sauti kulikuwa kazi bure: mota ilinguruma kiasi kwamba usiku, nikiwa kitandani, bado niliisikia masikioni.

Hatukuwa na kituo. Tulifuata makamio yalipoegeshwa. Lubudi ni mji wa simenti na reli, na vumbi la simenti halina huruma: likiloa kidogo ukaliacha, kesho ni jiwe. Mvua zikikaribia, mashofere walikuja mbio. Wengine walifika kutoka upande wa Fungurume na Kolwezi, udongo mwekundu wa migodi umegandamana chini ya fremu. Pompi yetu ilisukuma maji kwa baa 200, lita 15 hivi kwa dakika, kwa hiyo tangi lilituishia baada ya saa moja na dakika chache. Baa 200 si mchezo. Maji ya nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano.

Siku moja tiyo ya maji ilichomoka kwenye kiungo chake, ikaanza kuruka kama nyoka aliyekanyagwa. Yaya aliinua ngumi, lakini alikuwa nyuma ya trela. Sikuona ngumi, na kwa kuwa sikuambiwa nizime, niliendelea. Alipozunguka kamio akichechemea, muundi wa mguu ulikuwa umepasuka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mutoto, nilikuita."

Tukajaribu simu. Tulipatana: akinibipu mara moja, nizime, mara mbili, niwashe. Simu yake aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki, yangu niliiweka mfukoni ikitetemeka. Kwa wiki chache tulijiona wataalamu. Kisha mtandao ukaanza vituko vyake: bipu ilinifikia wakati tangi limekwisha na pompi inazunguka kavu. Mipira ya ndani ikaungua, na pesa ya wiki nzima ikaenda nayo.

Ndipo Yaya akarudi kutoka Lubumbashi na kisanduku cha volti 12 na telekomandi ndogo, mfano wa ile ya kufungia milango ya gari. Kitufe kimoja cha mota, kingine cha vali ya umeme tuliyoifunga kati ya tangi na pompi. Tulikosea siku ya kwanza tu: tulifunga maji mota ikiwa bado inazunguka, pompi ikakosa cha kuvuta. Tukajifunza utaratibu: zima mota kwanza, halafu funga maji.

Lakini kasoro kubwa tuliionyeshwa na papa, baba yetu. Alikuwa mtu wa reli, ile reli iliyofika Bukama mwaka 1918. Aliketi akitutazama tukijigamba, akauliza, "Betri ya hicho kidude ikifa, mota inafanya nini?" Tukamjibu kwamba inaendelea. Akatikisa kichwa. Kwenye treni, alisema, bomba la breki likikatika, mabehewa yanashika breki yenyewe. Baadaye nilisoma kwamba George Westinghouse wa Marekani alijenga breki yake ya hewa juu ya wazo hilohilo mwaka 1872. Papa hakulihitaji jina hilo. Alijua tu kwamba kitu cha hatari hakiachwi kiendelee kwa sababu hakuna aliyekikataza.

Tukanunua kisanduku kingine, ambacho telekomandi yake hutuma ishara bila kukoma. Mota ya petroli kama yetu huzimika waya wa koili yake ukigusa chuma cha mota, basi tukaweka rilei inayouzuia waya huo usiguse maadamu ishara inafika. Betri ikifa, au ukijificha nyuma ya trela la chuma ishara isipite, rilei inaachia, waya unagusa, mota inanyamaza. Vali nayo ni ya kujifunga yenyewe umeme ukikatika. Zamani kimya kilikuwa na maana ya "endelea". Sasa kina maana ya "funga".

Kuna siku mfumo huo unatuudhi. Naenda hatua kumi nyuma ya kamio la pili, mota inazimika, narudi nikinung'unika. Kando ya pompi hakuna mtoto tena. Pistole sasa naishika mimi, na Yaya anakuja kunipokea nikichoka. Kovu lake la muundi limekuwa jeupe. Akitaka kusimamisha maji, nimemwona mara nyingi: anainua ngumi kwanza, halafu ndipo anabonyeza.