Weupe wa Kikombe cha Mama



Wapendwa waamini, katika tafakari ya juma hili naomba mniwie radhi nikianza na kitu kidogo sana, yaani kikombe. Ni kikombe cha bati kilichopakwa enameli nyeupe, chenye ukingo wa buluu, cha aina ambayo karibu kila nyumba ya Uha imewahi kuwa nayo. Kilikuwa cha mama yangu mzazi. Alipofariki mwaka jana, wakati wa mvua, ndugu zangu waligawana vyombo vyake kwa amani. Mimi niliomba kikombe hicho tu, nikaja nacho hapa Nyarugusu.

Wengi wenu mnamfahamu mzee wetu mmoja wa kambini, mzaliwa wa Fizi, ambaye huandika mabango ya maduka na ambaye picha zake za Njia ya Msalaba tunazitumia kila Kwaresima. Alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, mwaka ule ule kambi hii ilipofunguliwa. Ujanani alifundishwa kuchora na fundi aliyesoma Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, ambacho kilianza mwaka 1943 huko Gombe-Matadi kikiwa shule ndogo yenye jina la Mtakatifu Luka, msimamizi wa wachoraji. Padre mwenzangu aliporudi kutoka masomoni Roma aliniletea zawadi ya sanduku la rangi za mafuta, naye hakujua kwamba sijawahi kushika brashi. Nikamwomba mzee anifundishe. Nilikuwa na nia moja tu, kuchora kikombe cha mama.

Tulianza jioni moja katika chumba changu. Mzee alitandika kitambaa cha kahawia mezani, akaweka kikombe, kitunguu na kipande cha muhogo. Kisha akawasha taa ya chemli na kuisogeza upande wa kushoto, utambi akiwa ameushusha. Sehemu nyingine ya chumba ilibaki gizani. Akaniambia nichore, akatoka nje kusali rozari yake.

Nilifanya kama ambavyo pengine kila mmoja wenu angefanya. Kikombe ni cheupe, basi nikakamua rangi nyeupe nikakipaka. Nilipomaliza, nilikuwa na kitu kama kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya giza. Hakikuwa na tumbo wala hakikukaa mezani. Kadiri nilivyoongeza rangi nyeupe ili king'ae, ndivyo kilivyozidi kuwa bapa, kama chokaa ukutani.

Mzee aliporudi hakucheka. Alisema tu, "Padiri, umechora unachokijua. Sasa uchore unachokiona."

Alikata tundu dogo katika karatasi nyeupe, akaniambia niishike karibu na taa na kuchungulia kikombe kupitia tundu lile. Kilichoonekana hakikuwa cheupe hata kidogo. Upande wa taa kilikuwa na umanjano kama wa asali iliyofifia. Katikati kilikuwa kijivu. Upande wa kivuli kilikuwa na kijivu kizito chenye ubuluu, na chini kabisa, karibu na kitako, kulikuwa na wekundu hafifu uliotupwa na kitambaa cha kahawia. Akaniambia nifumbe macho nusu: pale palipong'aa kweli palikuwa pamoja tu, padogo kama punje ya mtama, kwenye ukingo unaoielekea taa.

Sababu yake si ngumu. Kitu cheupe hurudisha kiasi cha sehemu 80 hadi 90 kati ya 100 za mwanga unaokiangukia, na mkaa hurudisha sehemu chache tu. Lakini kitu hakiwezi kurudisha mwanga kisichoupokea. Kipande cha mkaa kilichoachwa juani saa sita mchana hutuma machoni mwetu mwanga mwingi kuliko kikombe cheupe kilicho karibu na taa usiku. Hata hivyo tunauita mkaa mweusi na kikombe cheupe, kwa sababu akili zetu hulinganisha kila kitu na jirani yake, kisha hutupatia jibu kabla hatujatazama. Ni neema katika maisha ya kila siku, maana bila hiyo tusingetambua vyombo vyetu wenyewe jua linapozama. Lakini mchoraji asipoizuia kwa muda, atachora jibu na kuacha kitu chenyewe.

Basi tukaanza upya. Tulipaka ubao wote kahawia ya udongo iliyozimuliwa kwa tapentaini. Tukaweka kwanza giza lililo nyuma ya kikombe, maana weupe hauna thamani mpaka kitu cheusi kiwe pembeni yake. Kikombe chenyewe tulikijenga kwa rangi nilizoziona chafu: buluu nzito na kahawia, zikichanganywa na nyeupe kidogo. Nikasema, "Mzee, hii ni rangi ya tope." Akajibu, "Ngoja." Nilipopaka ile nyeusi zaidi pembeni, tope lile likageuka kikombe. Nyeupe tupu alinikataza mpaka mwisho. Ukiitumia mapema, alisema, huna tena pa kupandia.

Nilikumbuka kitabu kimoja cha maktaba ya seminari kilichokuwa na picha ya Mwanakondoo wa Mungu, kazi ya Mhispania Francisco de Zurbarán, aliyezaliwa mwaka 1598 na kufariki mwaka 1664. Picha hiyo, ya miaka ya 1635 hadi 1640, imo katika jumba la Prado, Madrid. Mwanakondoo amelala juu ya meza ya kijivu, miguu imefungwa kamba, nyuma yake giza tupu. Kijana wa seminari niliona mwanakondoo mweupe, basi. Sasa najua kwamba sufu ile imejaa kahawia, kijivu na umanjano, na ndiyo maana unadhani ungeweza kuishika. Zurbarán alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, na alichora watawa wengi wenye kanzu nyeupe. Nadhani alijua mapema kwamba hakuna nguo nyeupe isiyo na mikunjo.

Sisemi kwamba kila picha lazima ichorwe hivyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kawaida za mafuta, alipaka ndege mweupe akawa mweupe, nasi tukafurahi. Picha zake haziulizi taa iko wapi. Lakini mimi nilikuwa nimewasha taa, na aliyewasha taa hana budi kukubali vivuli vyake.

Wapendwa, sasa nifike pale panaponiuma. Jioni ya tatu mzee alikitazama kikombe, akaitazama kazi yangu, akauliza: "Na hii alama, Padiri, mbona hujaiweka?" Karibu na mshikio enameli imebanduka, bati limejitokeza jeusi lenye kutu kidogo. Nilikuwa nimeiona tangu mwanzo. Niliiacha kwa makusudi, kwa heshima ya mama. Nikamwambia hivyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi hiki ni kikombe kingine."

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilikumbuka mahubiri yangu ya mazishi. Mnajua kwamba Maelekezo ya Misale yanataka katika Misa ya mazishi yatolewe mahubiri mafupi, wala si hotuba ya kumsifu marehemu. Nimewakumbusha ninyi jambo hilo mara nyingi. Lakini siku ya mama yangu nilisimama nikamsifu kwa karibu nusu saa. Nilimfanya mweupe kutoka kichwani hadi miguuni. Katikati ya maneno yangu mdogo wangu wa kike aliinuka, akatoka nje, na hakurudi hadi kaburini. Mwaka 2003, akiwa kidato cha tatu, alipata mimba, na mama alimfukuza nyumbani usiku. Sote tulilijua hilo. Mimi nilikuwa seminarini, nikaandikiwa barua, nikajibu kwa maneno ya kitabuni. Siku ya mazishi nilimzika mama na habari hiyo pamoja, na mdogo wangu nikamwacha nje ya picha.

Kesho yake nilimpigia simu. Nilimwambia nilikosea, na kwamba nilisema juu ya mama mambo ambayo yeye hakuyaona. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Kile kikombe bado unacho? Kina pengo karibu na mshikio?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Alikirusha ukutani usiku ule."

Nami nikakumbuka kitu kingine. Tulimnunulia mama vikombe vipya mara kadhaa, hata vya udongo mzuri. Alivifungia kabatini kwa ajili ya wageni, akaendelea kunywea kile chenye pengo, miaka yote, mpaka mwisho. Sijui kama alikuwa akijikumbusha au ni mazoea tu. Nilimweleza mdogo wangu, naye hakusema kitu, lakini hakukata simu.

Mwezi huu wa Novemba tunawaombea marehemu wetu. Mnaleta majina yao kwenye karatasi, nami nayasoma altareni. Nawauliza, kama mama yangu alikuwa mweupe namna ile niliyohubiri, Misa hizi nazitolea nini? Tunaposema marehemu hakuwa na doa, tunamnyima sala zetu, na tunawafanya waongo wale aliowaumiza. Alikuwa mwema, na wema wake ulikuwa wa kweli, tena ulikuwa na pengo. Anayemwombea hana haja ya kuificha sehemu ile, maana ndiyo anayoileta mbele ya Mungu.

Nimeichora alama ile. Ilihitaji kahawia na buluu kidogo tu, na ajabu ni kwamba baada ya kuiweka, upande ule wa kikombe ulionekana mweupe zaidi. Rangi ya mafuta hukauka polepole, na bado ukiigusa huacha alama kidoleni. Picha imeegemea ukuta wa chumba changu. Mdogo wangu amesema huenda akaja Noeli kuitazama. Hajaahidi. Mwombeeni, nami mniombee.

Nawatakieni Dominika njema.

Ni mimi, Paroko wenu.