Mitandao ya Kijamii na Ufundishaji wa Fasihi Simulizi

Zinapotajwa zana za kufundishia, aghalabu mwalimu hufikiria ubao, chaki, chati na vitabu vya kiada. Katika miaka ya karibuni simu ya mkononi na mitandao ya kijamii vimeingia katika orodha hiyo, na walimu wamegawanyika. Wapo wanaoviona kuwa ni mwisho wa nidhamu, na wapo wanaoviona kuwa ni dawa ya kila upungufu wa shule. Katika makala haya nakusudia kueleza niliyoyaona mimi mwenyewe katika somo la Kiswahili, ili mwalimu mwenzangu apime kama yanamfaa.

Mwezi wa Machi 2020 shule za Tanzania zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na wengine tarehe 29 Juni. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, ambao ni wa bweni, walikuwa wametawanyika mikoani. Niliunda kundi la WhatsApp kwa kutumia simu za wazazi wao.

Makundi mengi ya namna hii hugeuka kuwa mahali pa kubandika maelezo, na jibu la mwanafunzi huwa ni "Asante, mwalimu" basi. Sababu yake ni kwamba aliyepewa maelezo hana la kuongeza. Kwa hiyo niliwapa kazi ambayo hakuna aliyeweza kuinakili kwa mwenzake: kila mmoja amwombe mzee wa nyumbani kwake amsimulie ngano moja ya Sungura, airekodi kwa sauti kwa idhini ya msimulizi, kisha aitume.

Matokeo yalinifurahisha. Katika ngano moja aliyedanganywa ni Fisi, katika nyingine ni Simba. Huku msimulizi alianza kwa "Paukwa!", kule hakuanza hivyo hata kidogo. Wengine waliimba katikati ya hadithi. Kijana mmoja ambaye darasani hakuwa akinyosha mkono alituma sauti ya bibi yake akisimulia kwa lugha ya kwao, naye akaifuatisha kwa tafsiri ya Kiswahili. Wenzake wakamwuliza maswali mfululizo, naye akayajibu. Kwa kulinganisha sauti hizo wanafunzi waligundua wenyewe kwamba fanani huibadilisha kazi yake kulingana na hadhira na mahali. Fasili ya kitabuni ilikuja baadaye, nao wakaipokea kama jambo wanalolijua.

Hata hivyo, yapo mambo mawili ambayo hapana budi kuyazingatia.

La kwanza ni haki. Chini ya nusu ya darasa walikuwa na simu janja nyumbani. Wengine walikuwa na kitochi tu. Wengine simu ya baba iliondoka naye alfajiri na kurudi usiku, au hapakuwa na fedha ya kifurushi. Mtandao unaowaunganisha wenye nacho huwatenga wasio nacho, tena bila kelele, kwa kuwa asiyekuwamo hasikiki akilalamika. Kwa sababu hiyo niliweka sharti kwamba hakuna alama itakayotolewa kwa kazi iliyotumwa kwa simu. Aliyesikiliza ngano na kuiandika katika daftari alihesabiwa kuwa ametimiza kazi, na shule zilipofunguliwa wenye madaftari ndio waliotangulia kusimulia.

La pili ni heshima. Sauti ya mzee ikitolewa nje ya kundi inaweza kufanyiwa mzaha na watu asiowajua. Siku hizi ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla yake adabu yetu ilitosha kutufundisha kuomba ruhusa. Mwanafunzi afundishwe hivyo kabla ya kufundishwa kurekodi.

Shuleni kwetu, kama ilivyo katika shule nyingi za sekondari nchini, mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Hilo halikuikomesha kazi. Mimi na mwalimu mwenzangu wa mkoa mwingine tulikubaliana kubadilishana ngano moja kila wiki. Niliipiga kwa spika ndogo mbele ya darasa. Wanafunzi wakajadili kwa vikundi na kuandika maoni yao katika karatasi. Nikazipiga picha na kuzituma. Wiki iliyofuata darasa lile lilijibu. Simu moja, ya mwalimu, ilitosha darasa zima, na aliyetoka katika nyumba isiyo na simu alikuwa sawa na mwenzake.

Kwa maoni yangu, basi, mwalimu asianze kwa kuuliza ni mtandao gani autumie. Aanze kwa kuuliza kila mwanafunzi wake ana nini ambacho wenzake hawana, na kwa njia gani kitawafikia wote. Palipo na jibu la maswali hayo, simu itasaidia. Pasipo na jibu, itabeba maelezo yale yale ambayo ubao ungeweza kuyabeba.