Safari ya Chalbi na Suala la Maji

Twapenda kuwasimulia safari ya familia tisa, sita za hapa kwetu Section 58, Nakuru, na tatu za jamaa zetu wa Mombasa. Wakati wa likizo ya shule tulikwenda pamoja hadi jangwa la Chalbi, katika jimbo la Marsabit.

Wa Mombasa walikuja Nairobi kwa SGR, nasi tukawafuata huko kwa basi ili sote tupande treni ya Nanyuki. Reli hiyo ya zamani ililala miaka mingi, ikafufuliwa 2020. Treni yake haina haraka. Yapita Thika, Sagana na Karatina kwa mwendo wa mzee mwenye bakora, na watoto waliipenda kuliko ile ya kasi. Kwa kuwa njia ina kona nyingi na Kibla hakitulii, tulichelewesha Adhuhuri tukaisali pamoja na Alasiri, kwa kukusuru, tuliposhuka Nanyuki.

Kupitia Isiolo hadi Marsabit ni lami. Sehemu ya mwisho hadi Kalacha ni mawe, na viuno vyetu ni mashahidi.

Kalacha ina chemchemi na mikoma, na wenyeji wake ni Wagabra, wafugaji wa ngamia. Hapo tulipandishwa ngamia kuelekea kambini. Ngamia huinua miguu ya nyuma kwanza, na asiyejua hilo huinamishwa kifudifudi. Bibi mmoja wetu alitoa shahada kwa sauti mpaka wachungaji wakacheka. Sala ya sunna yajuzu juu ya mnyama anayetembea, ila kwa faradhi tulishuka.

Kambi ilikuwa kando ya uwanda mweupe wa chumvi, jirani na mji wa familia ya Kigabra. Nyumba yao ni ya fito na mikeka. Mwanamke ndiye huijenga, na wanapohama huibomoa ikapakiwa juu ya ngamia. Kina mama wetu walikaa humo muda mrefu, wakiuliza na kuulizwa kupitia kijana aliyewatafsiria.

Magharibi iliingia ilhali gari lililobeba maji yetu limekwama njiani. Tulikuwa na madumu manne ya lita ishirini, na sisi ni watu thelathini na mmoja, wengi watoto. Tukatangaza kwamba maji hayo ni ya kunywa na kupikia, watu watayamamu.

Mama mmoja hakuridhika. "Sheikh, maji nayaona kwa macho yangu, kisha nisali kwa vumbi?"

Tukamwambia, "Mama, maji yaliyopo lakini yahitajiwa kwa kiu, kisheria ni kama hayapo. Hata yangekuwa ya kiu ya mnyama, ingekuharamikia kutawadhia."

Mwenyeji wetu, aliposikia mjadala, alileta chombo chake cha maji na kukiweka miguuni mwa yule mama. Hapo pakawa pagumu zaidi. Vitabu vya fiqhi vyasema anayepewa maji bure ayakubali wala asitayamamu. Lakini hukumu hiyo ni kwa mtoaji asiyeyahitaji, na huyu alikuwa na watoto na mbuzi wadogo. Nchi ile ilipitia misimu mitano ya mvua mfululizo iliyokosa mvua ya kutosha, tangu 2020, na waliopoteza mifugo ni wengi. Tukamshukuru kwa maneno mema, tukamwomba akirudishe chombo ndani. Alitutazama kwa mshangao kidogo, kisha akakichukua.

Vijana walikuwa wameshainama kupiga mikono kwenye ule weupe. Tukawazuia: chumvi si turabu. Katika madhehebu yetu ya Shafii hutakiwa udongo wenye vumbi, nao tuliupata nyuma ya zizi, pasipo samadi. Pigo la uso, pigo la mikono hadi viwikoni. Na kwa Isha tukatayamamu upya, kwani tayamamu moja haibebi faradhi mbili.

Yule mama alisali nyuma ya safu ya wanawake, kisha akauliza kama atairudia sala akipata maji. Tukamjibu kwamba msafiri mahali pakame kama pale harudii.

Gari lilifika saa nne asubuhi. Alichukua dumu la kwanza, akajaza vyombo vya mwenyeji wetu, kisha akaenda kutafuta kivuli cha kutawadhia.