Kivuli Kisicho na Jina

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Kikohozi changu kilikaa miezi mitatu, na jembe hakikushika. Picha ya eksirei ilionyesha alama katika pafu la kulia, ukubwa wa kunazi. Katika zahanati moja niliambiwa ni kifua kikuu, ingawa makohozi yangu hayakuonekana vijidudu. Nilimeza dawa miezi minne. Alama haikupungua, ila mwili ulipungua.

Daktari wa pili alisema, “Mwalimu, picha hutuonyesha mahali, haitutajii jina. Kifua kikuu na saratani huweza kuvaa kanzu moja. Hatuna budi kuchukua kinofu kwa sindano.”

Mjomba alikataa. “Mpwa wangu, uvimbe haugusi chuma, ukichokozwa hutawanyika.”

Nilimpelekea daktari neno hilo, naye hakulicheka. Alisema jambo hilo hutokea kwa nadra sana. Hatari iliyo karibu zaidi ni hewa kuvuja kifuani na kulikunja pafu. Mara nyingi hupona yenyewe, pengine huhitaji mrija. Nilitia sahihi kwa mkono uliotetemeka.

Siku ilipowadia nililazwa kifudifudi juu ya kitanda kiingiacho katika duara la mashine ya CT. Mashine hiyo huupiga mwili picha vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine kama hiyo London mwaka 1971. Na Godfrey Hounsfield, Mwingereza, pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, walipata tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Nilichomwa ganzi. Kisha sindano ndefu ilipitishwa juu ya ubavu, kwa kuwa mishipa ya damu hufuata ukingo wa chini. Daktari alisukuma kidogo, akapiga picha, akarekebisha, akasukuma tena. “Zuia pumzi,” aliniamuru. Maana pafu hupanda na kushuka, na shabaha ndogo hukimbia pamoja nalo. Nilisikia mlio mdogo, kama kufuli ifungwayo. Kinofu kilikuwa chembamba kama uzi. Nililazwa saa kadhaa, nikapigwa eksirei nyingine. Pafu lilikuwa salama.

Juma zima nilingoja, huku hadubini ikikisoma kinofu changu. Nakiri kwamba usiku nilitamani jibu lisije. Lilipokuja, lilikuwa saratani, lakini bado changa, haijatoka katika pafu. Nilipasuliwa, sehemu ya pafu ikaondolewa. Mjomba alikesha kando ya kitanda changu, wala hakutaja tena habari ya chuma.

Huu ni mwaka wa sita. Nikipanda ngazi za shule, pumzi hunikumbusha kilichopungua, lakini napanda. Vijana, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuyaficha kwa watu. Nilitaka kuyaficha kwa nafsi yangu. Kivuli kilinitisha zaidi kilipokuwa hakina jina. Kilipopata jina, kilipata na dawa.