Mali Bila Daftari

Leo ninataka kuwaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, katika nyumba yangu na katika duka langu. Labda kwenu pia liko.

Mwaka wa 2022 binti yangu wa kwanza alipata diploma yake ya Serikali katika masomo ya biashara. Jioni ile tulikula bukari na kuku, tukafurahi. Tulipokwisha kula akaniambia: «Papa, ninataka kuendelea na masomo ya juu. Ninataka kujifunza kazi ya duka: namna ya kununua, ya kuweka na ya kuuza.» Mimi nikacheka. Nikamjibu: «Mama, nani asiyejua kuuza sabuni? Shangazi yako anauza tomati sokoni tangu miaka makumi mawili, wala hajui kuandika jina lake. Ukitaka masomo ya juu, soma udaktari au sheria. Duka halina masomo.»

Hakukasirika. Aliniuliza neno moja tu: «Basi, Papa, duka lako lilikufa kwa ugonjwa gani?»

Nikanyamaza. Usiku ule sikulala vizuri.

Duka langu nililifungua mwaka wa 2009, katika mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Niliuza unga wa mahindi, chumvi, mafuta, sukari, sabuni na mishumaa. Unga mwingi wa kwetu unatoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, na wafanya biashara wakubwa wanauhesabu kwa dola. Sisi wadogo tunauuza kwa falanga. Feza yote niliitia katika kopo moja chini ya meza. Mtoto akihitaji kalamu, kopo. Mgonjwa nyumbani, kopo. Mgeni akija, kopo. Jioni nikiona kopo limejaa nilisema: «Leo nimepata faida kubwa.» Kumbe, ile haikuwa faida. Ndani yake mlikuwa feza ya kununua mfuko mwingine, nami niliila.

Kwa miaka kadhaa dola moja ilikuwa kama falanga 930. Mwaka wa 2016 falanga ikaanza kuanguka, na mwisho wa mwaka wa 2017 dola moja ilikuwa karibu falanga 1,600. Tuseme nimenunua mfuko wa unga kwa falanga 20,000, nikauuza kwa 22,000. Nasema nimepata 2,000. Nikirudi kwa mfanya biashara ananiambia: «Leo ni 23,000.» Basi, jana nilikuwa na mfuko, leo sina mfuko wala bei ya mfuko. Hivyo ndivyo mbao za duka zilivyobaki wazi, moja baada ya nyingine. Mwaka wa 2018 nilifunga mlango.

Watu wakaniambia: «Mtu amekuroga.» Wakamtaja jirani yangu, mwenye duka la upande wa pili wa njia, kwani duka lake halikufa. Ninaona haya kuandika hivi, lakini nilisadiki. Kwa miaka minne sikumsalimu mtu yule. Watoto wake na watoto wangu walisoma kalasi moja, nami niliwakataza wasicheze pamoja. Ni vyepesi kumshitaki jirani kuliko kujishitaki mwenyewe.

Kesho yake, baada ya maneno ya binti yangu, nilikwenda kwa baba yangu mzee. Yeye alifanya kazi ya duka kabla yangu. Katika ujana wake alikuwa mwuzaji katika magazini ya Mgiriki mmoja, hapa mjini. Nilimwuliza: «Baba, kuuza ni kitu cha kusomea?» Akanieleza habari ya mwaka wa 1973.

Siku ya 30 Novemba ya mwaka ule, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na kazi nyingi za wageni zitatwaliwa na kupewa wenyeji. Magazini ya Mgiriki ikapewa mkubwa mmoja ambaye maisha yake yote hajapata kuuza hata kiberiti. Alifika na gari, akachukua feza iliyokuwa ndani ya sanduku, akapeleka vitambaa kwa wake za rafiki zake. Vitu vilivyokuwa juu ya mbao vikauzwa, na hakuna aliyeandika barua ya kuagiza vingine. Katika nchi nzima maduka mengi yakawa matupu namna hiyo. Mwaka wa 1976 Serikali ikawaita wenye mali wa zamani warudi. Wengine walirudi, wengine hapana.

Nikamwambia: «Lakini wewe, Baba, ulikuwa mle ndani miaka minne. Wewe ulijua.» Akatikisa kichwa. «Nilijua bei zote kwa moyo, hata leo ukiniamsha usiku nitakutajia. Lakini kitabu cha hesabu sikukiona hata siku moja. Bwana alikifungia kabatini. Kama wangalinipa mimi magazini ile, pengine nami ningaliimaliza, ila polepole.»

Ndugu, neno hili lilinifumbua macho. Wengine wanasema mambo ya 1973 yanaonyesha kwamba sisi hatuna akili ya biashara. Huo ni uwongo. Waangalieni mama zetu wanaovuka Kasumbalesa na mizigo. Akili tunayo. Lililokosekana ni kitabu kile kilichofungiwa kabatini, pamoja na mtu wa kutufundisha kukisoma.

Tena kitabu hicho si siri ya taifa moja. Wafanya biashara wa Italia walijua zamani kuandika kila kitu mara mbili, upande wa kuingia na upande wa kutoka, na wakubwa wa kazi waliwafundisha vijana wao nyumbani mwao. Mwaka wa 1494, pale Venezia, mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Fransisko, jina lake Luca Pacioli, alieleza hesabu hiyo katika kitabu kilichopigwa chapa. Tangu siku ile mtu yeyote mwenye kusoma aliweza kujifunza.

Kwetu masomo ya juu yalichelewa. Chuo kikuu cha Lovanium kilianza mwaka wa 1954, na kile cha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kilifungua milango mwaka wa 1956. Mwaka wa 1964 ikaundwa INPP, kwa kuwafundisha watu wazima na vijana kazi za mikono na za ofisi. Leo ziko shule za juu za biashara, tunazoziita ISC, katika Kinshasa, Lubumbashi, Bukavu, Goma na miji mingine. Na tangu mwaka wa 2012 nchi yetu imeingia katika sheria za OHADA. Sheria hizo zinataka hata mfanya biashara mdogo aandike kila siku feza iliyoingia na iliyotoka. Ni wangapi kati yetu wanaofanya hivyo?

Basi, binti yangu aliingia shule ya juu. Nilimpa sharti moja: asubuhi masomo, jioni duka. Mama yake alikuwa amekwisha kufungua kibanda kidogo mbele ya nyumba, na hapo ndipo niliposoma mimi, kwa kumtazama mtoto wangu.

Jambo la kwanza, alitenga makopo mawili: kopo la duka na kopo la nyumba. Mama yake akitaka sukari, alipe. Mama akakasirika: «Nilipe sukari katika kibanda changu mwenyewe?» Lakini mwisho wa mwezi alihesabu, akaona mifuko ya sukari haikupungua, akacheka.

La pili, unga uliokuja kwanza ndio unaouzwa kwanza. Mimi niliweka mifuko mipya mbele, ya zamani ikabaki nyuma, wadudu wakaila. La tatu, bei haiangalii feza niliyonunulia jana tu, inaangalia pia feza nitakayonunulia kesho. La nne, alinifundisha kuhesabu faida. Kitu nilichonunua falanga 800 na kuuza 1,000 kinanipa 200. Ukiangalia bei ya kununua, ni 25 kwa mia. Ukiangalia bei ya kuuza, ni 20 kwa mia. Mtu akichanganya hizo mbili, atapunguza bei akizani faida bado iko, kumbe imekwisha. Nilikuwa na miaka 47 nilipojua hayo.

Lakini tusidanganyane. Masomo peke yake hayatoshi. Tunaona vijana wenye diploma ya biashara wanaoona haya kusimama nyuma ya meza na kupima chumvi. Wanangoja ofisi. Katika Ujerumani kazi ya kuuza dukani inasomewa miaka miwili au mitatu. Kijana anaandika mapatano na duka, analipwa kidogo, anafanya kazi pale siku nyingi za juma, na siku moja au mbili anakwenda shuleni. Mwisho anapimwa kwa mtihani. Huko Baden-Württemberg, tangu mwaka wa 1974, hata masomo ya juu yanafuata njia hiyo: karibu miezi mitatu shuleni, karibu miezi mitatu kazini, kwa muda wa miaka mitatu. Kule mbao za duka ni sehemu ya shule.

Hatuna bado mapatano kama yale kila mahali. Lakini mzazi mwenye kibanda anaweza kumfanyia mtoto wake hivyo, bila kungoja Serikali.

Limebaki neno moja. Mwaka jana nilivuka njia, nikapiga hodi kwa jirani yangu. Nilimwambia yote niliyomwazia. Alikaa kimya kitambo, kisha akanipa kiti. Nikamwuliza: «Duka lako liliokoka namna gani?» Akavuta chini ya meza daftari ya watoto wa shule, iliyochakaa. Zamani alikuwa mtunza gala katika kampani moja ya migodi, na huko walimfundisha kuandika kila kitu kinachoingia na kinachotoka. Ndiyo dawa yake yote.

Wazee wa pwani wanasema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliipoteza mali, na karibu nimpoteze jirani pamoja nayo. Wazazi wenzangu, mtoto akikuambia anataka kusomea duka, usimcheke. Mnunulie daftari.